Poleni na Moto

Bi Funguo husikika kabla hajaonekana. Kiunoni ana pete ya chuma yenye funguo arobaini na mbili, na kila mfanyakazi wa karakana ile anajua kwa masikio tu kama mama huyo yuko stoo, yuko ukumbini au amekwenda kunywa chai. Ijumaa ninayoisimulia zililia tangu saa mbili asubuhi bila kupumzika. Kwenye dirisha la stoo, ukumbini, kwenye mashine, kisha dirishani tena.

"Bi Funguo, kaa chini hata dakika moja," Fundi Mrefu alimwambia bila kubandua macho kwenye skrini yake. "Unanifanya nidhani kuna kitu kinaungua."

Neno hilo lilimchoma kuliko alivyojua mwenye kulisema. Aligeuka, akaondoka na funguo zake.

Karakana yenyewe hutengeneza miguu bandia. Zamani kazi yote ilikuwa ya plasta na mikono. Fundi alikizungushia kigutu cha mguu bandeji ya plasta, akasubiri ikauke, akachonga, akakosea, akaanza upya, wiki ikakatika hivi hivi. Siku hizi kigutu kinapigwa picha pande zote, programu ya kompyuta inachora kikombe cha kukishika, na mashine ya kuchonga, karakana inazo mbili, inakitoa kwa saa nne. Ila programu hiyo haimfungukii kila anayeigusa. Inataka leseni, na leseni zenyewe hazikai kwenye droo wala kwenye kisanduku. Ziko mbali, kwenye wingu la mtandao, na karakana imepewa mbili tu. Anayeanza kazi anawashiwa leseni, moja kwa mashine moja. Akimaliza inarudi winguni, mwingine anawashiwa.

Programu ilipoletwa, waliambiwa lazima awepo mtu mmoja wa kuzigawa leseni. Mkuu wa karakana, mzee mkavu asiyepoteza maneno, alikitazama chumba kizima, mafundi wote wakajiweka sawa kila mmoja akidhani ni yeye. Macho ya Mkuu yakatua kwenye pete ya funguo ya mtunza stoo. "Leseni ni ufunguo," akasema. "Na funguo zina mwenyewe." Mkutano ukaisha hapo. Wakati huo Bi Funguo alikuwa akiijua kompyuta kwa kuipangusa vumbi tu.

Alijifunza. Polepole, kwa kidole kimoja, lakini alijifunza, na leseni za winguni akaziendesha vile vile alivyoendesha nyundo na misumeno yake. Unataka leseni? Njoo dirishani. Andika kwenye daftari: kitu, aliyechukua, saa ya kutoka, saa ya kurudi, sahihi. Mafundi walimcheka hadi mbavu zikawauma, wakasema hata hewa siku moja wataisainia. Yeye hakujali. Katika miaka kumi na mmoja daftari lake halikuwahi kuwa na mstari mtupu. Kilichotoka kilirudi, na kilichorudi kiliandikwa. Siku Mkuu alipomkabidhi pete ile alimwambia jambo moja tu, "Funguo hizi hazina shemeji," na Bi Funguo akalishika neno hilo kama dini.

Ndiyo maana dada yake alingoja zamu kama watu wengine.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, mkubwa alikuwa na miaka kumi na saba na mdogo saba, na mkubwa akaacha shule akaingia kiwanda cha sabuni ili mdogo asome. Alifika mpaka akawa msimamizi wa mkanda wa kufungashia, mwanamke wa sauti moja na watu thelathini chini yake. Miezi kumi iliyopita pikipiki ikampitia, mguu wa kushoto ukaondoka chini ya goti. Kiwanda kilimvumilia, kikamvumilia tena, kisha kikaleta barua: nafasi yake itashikiliwa mpaka Jumatatu saa moja asubuhi. Aje akiwa anaweza kusimama zamu nzima, la sivyo mkanda atapewa mwingine. Alikuwa namba kumi na mbili kwenye foleni ya karakana. Namba kumi na mbili iliangukia Ijumaa ile, na hesabu ilikuwa imebana kama kiatu kipya. Kikombe kianze kuchongwa kabla ya saa saba mchana, Jumamosi kumiminiwa plastiki, Jumapili kuunganisha, Jumatatu alfajiri kuvaa. Kikichelewa, mguu utapatikana katikati ya wiki, nao hautakuwa na kazi ya kwenda.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kisha saa mbili kasoro robo simu ikalia.

Alikuwa Fundi Safari. Huyu ndiye anayezunguka vijijini na laptopu begini, anapima wagonjwa wasioweza kufika na kuwachorea vikombe papo hapo. Huko hakuna mtandao wa kuaminika, kwa hiyo kabla ya kuondoka hupewa leseni ya kuazima. Alitakiwa awe amefika mjini jana jioni na kuirudisha.

"Bi Funguo, shikamoo. Usikasirike."

"Marahaba. Sijakasirika bado. Sema."

"Laptopu imezama."

"Imezama wapi?"

"Kijitoni. Maji yalikuwa juu, pikipiki ikayumba, mimi nikashika vipimo vya wagonjwa, begi likaenda zake. Nimelitafuta mpaka nimeokota kambare. Laptopu hakuna."

Bi Funguo aliketi. Ilikuwa mara ya mwisho kuketi vizuri siku ile.

"Na leseni?"

"Leseni si iko winguni?"

"Iko begini, baba! Uliiazima!"

Hapo ndipo penye ugonjwa. Leseni ya kawaida ukizima kompyuta inarudi winguni yenyewe. Ya kuazima inashuka kabisa, inaingia ndani ya mashine, inakaa humo hata mtandao ukikatika, na huku juu inahesabiwa kuwa haipo. Itarudi ama mashine ikiunganishwa na mtandao mtu akabonyeza Rudisha, ama siku za kuazima zikiisha. Bi Funguo alifungua ukurasa wake wa leseni. Mstari wa kwanza: Leseni 1, inatumika, Fundi Mrefu. Mstari wa pili: Leseni 2, imeazimwa, itarudi baada ya siku ishirini na tatu.

Siku ishirini na tatu! Na aliyeweka siku zote hizo ni nani kama si yeye mwenyewe? Safari ilikuwa ya wiki moja, ukurasa ukamuuliza siku ngapi, akaandika thelathini, ili mtu asikwame. Kitufe cha Azima alikipenda tangu siku ya kwanza. Vitufe vingine vilimtisha, hicho alikielewa. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini mtunza stoo atasikia wapi, naye maisha yake yote ni kuazimisha?

Akarudi ukumbini, akaenda kwenye mashine, akarudi dirishani. Mashine ya kwanza ilikuwa ikinguruma. Ilikuwa inamchongea namba kumi na moja, dereva wa lori, ambaye mguu wake ulikatwa juu ya goti. Vipande viwili, cha ndani na cha nje, mpaka saa kumi jioni mfululizo. Mashine ya pili ilikuwa kimya, imefunikwa kitambaa chake, safi, nzima, haina leseni.

Ilibaki njia moja. Wenye programu wanaruhusu, mara moja kwa mwaka, leseni iliyokwama ndani ya mashine iliyokufa ivutwe kwa nguvu irudi winguni. Unawaandikia, unaeleza, wanakuvutia. Mara moja tu, ili watu wasifanye mchezo. Bi Funguo alijua vizuri sheria hiyo. Aliijua kwa sababu alishaitumia.

Akafungua dirisha la mazungumzo hata hivyo. Mtu akiwa na shida hubisha hodi hata kwenye nyumba aliyoiona ikibomolewa. Mhudumu wa wenye programu alikuwa mtu mpole, hata maandishi yake yalikuwa na adabu. Bi Funguo akaeleza habari ya kijito, kwa kidole kimoja. Akangoja. Nukta tatu zikachezacheza kwenye skrini.

"Pole sana kwa laptopu," mhudumu akaandika. "Naona hata hivyo kwamba nafasi yenu ya mwaka huu mliitumia mwezi wa pili, kompyuta namba tatu ilipoungua. Poleni sana na moto. Je, wote mlitoka salama?"

Bi Funguo akaisoma sentensi hiyo mara nne. Kisha akainua macho, na kupitia dirisha lake akaiona kompyuta namba tatu, pale mapokezini, ikiwa hai, imewaka, na kikaratasi cha orodha ya wagonjwa kimebandikwa pembeni yake.

Haikuungua. Haikupata hata joto. Mwezi wa pili mtandao wa karakana ulikuwa ukikatikakatika, naye akaiazimisha namba tatu leseni ili kazi isisimame. Wiki hiyo hiyo ikaamuliwa namba tatu ihamie mapokezi, na Fundi Mrefu, kwa uzuri wa moyo, akaifuta yote ili iende ikiwa nyepesi. Akafuta programu, na leseni ikiwa tumboni. Hakukuwa na cha kurudisha tena. Kwenye daftari, safu ya Kurudi, pakabaki mstari mtupu, wa kwanza katika miaka kumi na mmoja, na Bi Funguo hakuweza kuulalia. Akawaandikia wenye programu. Fomu yao ilimpa sababu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa Programu imefutwa kwa makosa, ila hiyo ilidai barua ya mkuu wa kazi. Ya tatu ilikuwa Kompyuta imeungua. Hiyo haikudai kitu. Nani atamdai barua mtu aliyeunguliwa?

Akaiunguza. Kubonyeza mara moja tu, na jioni ile leseni ikarudi, mstari ukajaa, na hakuna aliyejua. Tangu siku hiyo kila alipopita mapokezini aliiita namba tatu kwa jina la siri, Marehemu, na alikuwa akiipangusa vumbi kuliko kompyuta nyingine zote.

Mhudumu bado alikuwa anangoja. Bi Funguo akaandika, "Tulitoka salama." Akazima skrini. Saa nne na nusu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imemchukua tangu mwezi wa pili mpaka leo, akadhani ni barabara.

"Umekunja uso kama umelamba plasta," Fundi Mrefu alisema alipomwona amesimama tena nyuma yake. Bi Funguo akamweleza ya kijito. Ya moto hakumweleza. Fundi Mrefu akaitazama mashine iliyokuwa ikinguruma, kisha akashusha sauti.

"Sikiliza, Bi Funguo. Ni dada yako. Wewe nenda kwenye ukurasa wako, bonyeza Ondoa kwenye jina langu. Mashine itasimama. Mimi nitamwambia dereva mashine imekataa, aje wiki ijayo. Mashine hukataa kila siku, nani atashangaa? Halafu uniwashie upya kwa kikombe cha dada."

"Na kile kilichokwisha kuchongwa?"

"Kitaharibika. Mashine haikumbuki ilipoishia." Akainua mabega. "Damu ni nzito kuliko maji, mama. Watu wote watakuelewa."

Alirudi dirishani, akafungua ukurasa, akapeleka kishale mpaka kwenye neno Ondoa, na kukiacha hapo. Funguo hizi hazina shemeji. Lakini dada si shemeji! Dada ni aliyekuosha miguu ukiwa na surua. Dada ni aliyekula mara moja kwa siku akisema ameshiba kiwandani. Mkuu alisema shemeji, hakusema dada. Akajikuta anabishana na sentensi ya mzee kama wakili, na hapo akajiogopa. Akainuka.

Benchi la kungojea liko ukumbini, chini ya madirisha. Dada yake alikaa upande mmoja, magongo mapajani, na dereva wa lori upande wa pili. Walikuwa wanacheka. Dada alikuwa amerusha kichwa nyuma, anacheka kile kicheko chake cha zamani cha kuzidi kelele za mkanda wa kiwanda, na Bi Funguo hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia.

"Mdogo wangu, njoo usikie huyu mtu," dada alisema. "Anasema mimi sina wa kushoto, yeye hana wa kulia. Tungejuana mapema, jozi moja ya viatu ingetutosha."

"Ila yeye mguu wake kama wa mtoto," dereva akasema. "Ningekuwa nakanyaga klachi kwa kidole gumba. Wewe ndiye mwenye funguo? Shikamoo. Nimefika tangu juzi, huyo fundi mrefu ameniambia saa kumi leo kikombe kinatoka, kesho navaa. Jumapili rafiki yangu anapita na lori lake kwenda kwetu. Akipita huyo, wa pili sijui lini."

"Saa kumi," alisema Bi Funguo.

Dada yake alikuwa anamtazama. Alikoma kucheka. "Mbona funguo zinalia hivyo leo? Tangu asubuhi nakusikia unazunguka. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada."

"Mdomo wako unaweza kunidanganya. Funguo zako haziwezi." Akamshika mkono, akauvuta kidogo, kama alivyokuwa akimvuta zamani barabarani. "Kama ni mguu wangu umekwama, niambie. Nitakaa nyumbani, nitauza hata vitumbua mlangoni. Sitakufa. Ila usije ukafanya kitu cha kipuuzi kwa ajili yangu, halafu kesho nisimame kwa aibu yako. Bora nikae."

Moyo ulimpasuka Bi Funguo, nasema wazi, maana hakuna neno lingine. Alitaka kupiga magoti pale pale ukumbini. Badala yake alisema, "Zamu yako ni leo. Utachongewa leo," akaondoka haraka kabla machozi hayajamsaliti.

Saa sita na dakika ishirini. Alikaa mbele ya kompyuta, akaenda mlangoni, akarudi. Akachukua kalamu, akatafuna kifuniko chake. Alikipima kile anachokwenda kufanya, na kilimwogopesha kuliko Ondoa, kwa sababu Ondoa ingemuumiza dereva, na hiki kingemuumiza yeye. Kisha akafungua mazungumzo ya asubuhi na kuanza kuandika kwa kidole chake kimoja. Hii ndiyo barua yenyewe, bila kupunguza.

"Hakukuwa na moto. Kompyuta namba tatu nzima, iko mapokezini, naiona kutoka hapa nilipo. Programu ilifutwa kwa bahati mbaya na leseni ikiwa ndani, na mimi sikutaka ijulikane, nikawaambia imeungua. Aliyedanganya ni mimi, mtunza leseni, si karakana. Laptopu ya leo imezama kweli, lakini najua hamna sababu ya kuniamini. Mliniuliza kama tulitoka salama. Asante kwa kuuliza."

Akatuma. Nukta tatu zikaonekana, zikapotea, zikaonekana tena. Alihesabu funguo moja moja kwa vidole ili mikono ipate kazi. Alifika thelathini na moja.

"Asante kwa kutuambia," mhudumu akaandika. "Utaratibu wetu ni huu. Taarifa ikifutwa na aliyeitoa, nafasi ya mwaka inarudi kwenu, na ninaweza kuitumia sasa hivi kwa laptopu iliyozama. Ila maelezo yako yote yatatumwa pia kwa mwenye akaunti. Je, niendelee?"

Mwenye akaunti alikuwa Mkuu. Barua ingemfikia kwenye simu, popote alipo, yote, pamoja na moto wake. Bi Funguo akatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Akaandika, "Endelea."

Ukurasa ukajifunga, ukajifungua. Leseni 2: ipo.

Hakutembea kwenda kwenye mashine. Alikimbia, mama wa miaka arobaini na minane, funguo zikipiga kelele kama ng'ombe walioona maji. "Fundi, washa ya pili! Ipo! Washa!" Fundi Mrefu alivuta kitambaa, akapakia mchoro wa kikombe cha namba kumi na mbili, Bi Funguo akabonyeza Washa dirishani kwake, na saa saba kasoro dakika tatu mashine ya pili ikaanza kunguruma kando ya ya kwanza. Ndipo alipolifungua daftari. Kitu: leseni. Aliyechukua: Fundi Mrefu, kwa namba kumi na mbili. Saa ya kutoka. Mwandiko ulikuwa umepinda, lakini ulisomeka.

Mkuu aliingia saa tisa. Hakupiga kelele, mtu yule hajawahi kupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alisimama nje ya dirisha la stoo kama mtu aliyekuja kuazima kitu, simu mkononi.

"Kulikuwa na moto hapa," alisema.

"Hakukuwa na moto, Mkuu."

"Nimesoma." Akaiweka simu mfukoni. "Mwezi wa pili ungeniambia programu imefutwa, ningekuandikia barua kwa dakika tano. Ningekunung'unikia, tungecheka, yakaisha. Kwa nini?"

"Sikutaka mstari mtupu."

Mzee aliliangalia lile daftari muda mrefu. "Na leo? Ungeweza kumtoa dereva. Fundi Mrefu ameniambia alikushauri. Huyo nitazungumza naye baadaye."

"Funguo hazina shemeji," alisema Bi Funguo.

Kitu fulani kililegea usoni mwa Mkuu, kisha kikajikaza tena. "Sikufukuzi," alisema. "Mtu anayejishtaki mwenyewe hafukuzwi, mimi siwezi. Lakini funguo nipe. Aliyeunguza kompyuta kwa kalamu hawezi kuendelea kushika zile za dawa na za sumu. Watu wanahitaji kuliamini daftari hata siku ambayo hawalisomi. Jumatatu utakaa mapokezini."

"Mapokezini?"

"Kwenye namba tatu," alisema Mkuu, na hakutabasamu.

Bi Funguo alifungua mkanda. Pete ile ilikuwa imemchimbia alama kiunoni kwa miaka yote hiyo. Kabla ya kuipitisha dirishani alisita, Mkuu akadhani anataka kuomba, akawa tayari kukataa. Hakuomba. Aliligeuza daftari, akachukua kalamu iliyotafunwa, akaandika kwenye mstari wa mwisho. Kitu: funguo arobaini na mbili, na leseni mbili zilizozifuata. Aliyechukua: mimi. Kutoka: akaandika tarehe ya miaka kumi na mmoja iliyopita, aliikumbuka bila kufikiri. Kurudi: leo, saa tisa na robo. Akasaini. Akampa Mkuu kalamu, naye Mkuu, mzee yule mkavu, akasaini kupokea.

Saa kumi dereva alikipata kikombe chake. Saa kumi na moja cha dada kikatoka, bado kina joto, na Fundi Mrefu alikibeba kwa mikono miwili kama sahani ya mgeni. Plastiki ilimiminwa Jumamosi. Dereva alivaa wake jioni ya siku hiyo hiyo, akazunguka ukumbi mara tatu akishika ukuta, na alipoaga alimwambia dada, "Basi tena, kila mtu na jozi yake." Bi Funguo alikuwa amekaa mbali, kwenye ngazi, hakuwa na pa kwenda kwa kuwa hakuwa na mlango wa kufungua. Mara mbili mkono wake ulienda kiunoni na kurudi mtupu.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri dada yake alivaa. Fundi Mrefu, ambaye tangu Ijumaa alikuwa mpole kama aliyemwagiwa maji, alikaza skrubu ya mwisho na kusogea nyuma. Dada akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akaachia gongo la kwanza, akaachia la pili, akatembea kutoka benchini hadi mlangoni, uso umemkaza, jasho likimchuruzika. Akageuka akarudi, akapita mbele ya dirisha la stoo lililofungwa, hadi mapokezini, kwenye meza ambako mdogo wake alikuwa amesimama muda wote bila kupumua.

"Leo nimeshtuka kukuona," alisema. "Sikukusikia ukija."

Bi Funguo akajaribu kucheka.

Dada akatazama kiuno chake. Akamtazama usoni. Akatazama stoo, dirisha, kisha ile kompyuta mezani. Hakuwa mjinga, aliwasimamia watu thelathini. "Ziko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimezirudisha."

"Kwa sababu ya mguu?"

"Kwa sababu ya moto," alisema Bi Funguo. "Nitakusimulia jioni. Nenda, utachelewa. Mkanda hauna shemeji."

Dada alisimama pale kwa miguu yake miwili, akainua mkono akamshika mdogo wake shavu, akamfinya kama alivyokuwa akimfinya utotoni akimkuta amefanya kosa na amelisema mwenyewe. Kisha akageuka. Hatua zake zilisikika ukumbini, moja ya nyama na moja ya plastiki, nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, mpaka mlangoni, mpaka kwenye changarawe ya nje. Bi Funguo alizisikiliza mpaka zilipofika langoni. Halafu akaketi, akapangusa vumbi kwenye kompyuta namba tatu, akaiwasha, ikawaka.